Kazi Iliyoanza kwa Shikamoo

Bakari aliandika. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana kwa miaka, kwanza mbele ya Meneja, kisha mbele ya wenzangu, na mwisho mbele ya kioo changu cha chumbani, ambacho wala hakikuwa kimeniuliza. Fundi Bakari wa kituo cha Pangani aliiandika ile kazi kwenye mfumo kabla maji hayajatuaibisha, na mimi nikasema hakuandika. Yanayofuata ni maelezo ya namna mtu mwenye shahada mbili anavyoweza kushindwa kutafuta kitu kilicho mbele ya pua yake.

Nyinyi mnaoanza kazi za miradi leo mmekuta kila kitu kwenye simu. Mimi siku yangu ya kwanza kazini, pale Muheza, kwenye mradi wa wakulima wa machungwa, nilikuta ubao wa chaki na Bwana Shamba Mkuu. Ubao ulikuwa pambo. Mfumo wenyewe alikuwa yeye. Ukitaka kujua kazi imefikia wapi, unamwamkia, unamuuliza hali ya nyumbani, ndipo unatafuta.

"Shikamoo mzee. Ile miche ya Kicheba?"

"Marahaba. Imepandwa, mmoja umeliwa na mbuzi wa mwenyekiti. Jingine?"

Nilifanya kazi chini yake hadi mradi ukafungwa, nikaondoka na imani kwamba kutafuta ni adabu: ukimheshimu mkubwa, jibu litakuja lenyewe. Imani hiyo nikaipakia pamoja na godoro langu, nikahamia Tanga mjini.

Huko niliajiriwa na mradi wa maji ya visima vya pwani, ofisi yetu ikiwa Chumbageni, na nikapewa cheo cha Mratibu wa Kazi. Meneja wa Mradi alikuwa mtu mfupi wa maneno mafupi. Ndiye aliyetuletea programu ya kusimamia kazi. Kila kazi ndani yake ni kadi. Kadi ina kichwa, ina maelezo chini ya kichwa, ina mhusika, na ina hali: mpya, inaendelea, imekamilika. Ukifungua orodha huoni kadi nzima, unaona maneno machache ya mwanzo wa kichwa tu, na zilizokamilika hazionekani kabisa mpaka uziite. Kwa hiyo Meneja alitufundisha hivi:

"Kichwa kianze na mahali, kisha kitendo. 'Kigombe, badilisha koki.' Basi. Anayetafuta hana muda wa hadithi."

Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa. Mafundi wote wa vituoni waliandika hivyo, na kwa muda mfupi orodha yetu ilisomeka kama orodha.

Kisha asubuhi moja nikafungua mfumo nikakuta kadi ya Bakari, kuhusu kitongoji kiitwacho Mtakuja: "Mtakuja, njoo na vipuri." Bakari alikuwa kijana wa kunifuata mbali kwa umri. Nilijua sheria ya Meneja. Nilijua pia kwamba kadi ilitumwa kwa Mratibu, na kwamba "njoo" ni njoo tu. Lakini nililisoma neno lile kama mtu aliyeitwa kwa mluzi sokoni. Nikampigia mbele ya ofisi nzima.

"Bakari, mie ni mtoto mwenzio?"

"Hapana, dada! Kwani nimekosa nini?"

"Unaniita 'njoo', hata shikamoo hakuna. Ndivyo ulivyofunzwa kwenu?"

"Nisamehe, dada. Ni kwenye mashine, nikadhani..."

"Mashine inasomwa na mtu."

Ofisi ilicheka, nami nikafurahi walivyocheka. Katibu muhtasi alisema, "Dada Mratibu, leo umemnyoosha." Ninachokumbuka zaidi ni kwamba sikuamuru lolote. Hilo nilijitetea nalo baadaye: onyesheni waraka nilioandika! Waraka haukuwapo. Palikuwa na watu wa pwani waliosikia mkubwa wao amekosewa heshima, wakafanya wanachofanya watu wa pwani. Kufikia mwisho wa mwezi kila kadi ilianza kwa "Shikamoo dada, pole na majukumu", au "Asalaam alaykum dada yetu, samahani kwa usumbufu." Salamu ikakijaza kichwa, mahali na kitendo vikashushwa kwenye maelezo. Ukifungua orodha unaona ukurasa mzima wa watu wanaokuamkia. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naipenda hali ile.

Sasa niwaeleze kisanduku cha kutafutia, maana ndipo nilipoangukia. Ukiandika neno pale, programu yetu ilitafuta kwenye vichwa peke yake. Kando yake kulikuwa na kijiboksi kidogo, "pamoja na maelezo", cha kuweka tiki ukitaka itazame na ndani. Sikuwahi kukiwekea tiki. Sikujua ni cha nini, na kuuliza kungekuwa kukiri kwamba sijui. Nilipotaka kadi nilimpigia aliyeiandika. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeugeuza mfumo wa Meneja kuwa Bwana Shamba Mkuu.

Mtakuja ni kitongoji ng'ambo ya Mto Pangani. Visima vya huko vinataka uangalifu: maji baridi yanakaa juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Bomba likishuka kidogo kupita kiasi, unavuta bahari. Tulikuwa tumefunga pampu ya jua, tangi limesimama, na sherehe ya kukabidhi imepangwa. Bakari alipima maji, akaona yameanza kuharibika, akaandika kadi: msikabidhi bado, bomba lipandishwe kwanza. Kichwa cha kadi kilikuwa, "Shikamoo dada, samahani sana, nina ombi moja la haraka." Niliiona. Niliona zote. Nikadhani anaomba ruhusa.

Siku ya sherehe mgeni rasmi alijaziwa glasi, akanywa, akasimama kimya na maji mdomoni, akitafuta pa kuyatema pasipo na kamera. Bibi mmoja mwenye kanga mbili akasogea, akaonja kwa kiganja.

"Haya mmeyatia chumvi nyie, au yamekuja nayo?"

"Bibi, ni hitilafu ndogo," nikasema.

"Hitilafu? Wee mwanangu, bahari ninayo nyuma ya nyumba, sijaomba mradi uniletee mlangoni!"

Watoto walicheka. Mgeni rasmi alipanda gari bila kula pilau.

Kesho yake tulikaa kikao Chumbageni. Meneja aliuliza swali moja: je, kulikuwa na taarifa? Bakari akasema, "Niliandika, Meneja." Meneja akanigeukia. "Bi Mratibu, tafuta." Skrini yangu ilikuwa imerushwa ukutani, kila mtu anaiona. Nikaandika "Mtakuja". Ile kadi ya vipuri ilishakamilika zamani, haionekani. Ukuta ukajibu: hakuna kilichopatikana.

"Dada, samahani," Bakari akasema taratibu, "pengine tukitazama na ndani ya..."

"Unanifundisha kazi, Bakari?"

Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekanyaga mkeka kwa viatu. Meneja akatazama ukuta, akatazama saa yake, akasema, "Mfumo umeshasema." Mkataba wa Bakari ulipoisha haukuongezwa. Kwenye faili lake ikaandikwa kwamba hakutoa taarifa.

Ningeweza kuishia hapo na kujiita mjinga, na ujinga una nafuu yake. Lakini baada ya Bakari kuondoka niliambiwa nizikabidhi kazi zake kwa fundi mpya, ikanibidi nizifungue zile salamu moja moja. Nikaikuta. Tarehe ilikuwa ya kabla ya sherehe, jina la kitongoji lipo, na maneno yametulia, hata hakulalamika. Mlango wa ofisi ya Meneja ulikuwa wazi, ng'ambo tu ya meza yangu. Nikapeleka kidole kwenye hali ya kadi, nikabofya "imekamilika". Kadi ikaondoka kwenye orodha. Kisha nikaenda kunywa chai, nikaomba na kitumbua.

Baadaye nilijifunza kutafuta, na nikawa hodari, jambo linalonikera hadi leo. Niliwafundisha vijana wengi. Ondoa vichujio vyote, yaani masharti yanayoficha baadhi ya kadi, kabla ya kusema kitu hakipo. Anza na mahali, kisha mhusika, kisha hali. Tafuta na ndani. Ziite na zilizokamilika, maana kuna kazi hukamilishwa kwa kubofya tu. Walipouliza nimejifunzia wapi, nilisema, "Uzoefu." Watu walikuwa wakinitaja kwenye semina.

Nimeacha kazi za ofisi mapema, kwa hiari, naandika makala na kunyeshea mchicha. Nilidhani aibu nayo hustaafu. Haistaafu. Inakuwa na muda zaidi. Mara kadhaa nilitafuta namba ya Bakari na kuiona, nikajiambia nitampigia baada ya Ramadhani, kisha baada ya mvua.

Wiki iliyopita simu ikaita, namba ngeni, sauti ya binti.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka idara ya utumishi, shirika la maji. Fundi Bakari ameomba kazi kwetu, na fomu inataka msimamizi wake wa mwisho. Nina swali moja tu. Faili lake la huko kwenu linasema hakutoa taarifa kwenye kisima kimoja. Ni kweli?"

"Si kweli," nikasema. "Alitoa. Aliandika mapema, na mimi ndiye sikuisoma. Nilipoiona, nikaificha."

Nilisikia vidole vyake vikisimama kwenye kibodi.

"Mama, mbona kwenye usaili tulimuuliza mwenyewe akasema alisahau?"

"Alisema hivyo?"

"Nimeandika hapa maneno yake. 'Ni kosa langu, nilisahau. Yule dada msimguse.'"

Nilikaa kwenye ndoo ya kunyeshea, kwa kuwa ndicho kitu kilichokuwa karibu.

"Sasa mama, nisaidie. Siwezi kupeleka majibu mawili. Kosa niandike la nani?"

"Langu."

"Naomba jina lako kamili."

Nikamtajia jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Akaniomba nirudie polepole, anaandika. Nikarudia.