Herufi M Nyuma ya Taa

Imetangazwa wilayani, kwa kipaza sauti na kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya kata, kwamba kuanzia mwezi huu hakuna gari la mizigo litakaloingia barabarani kabla taa zake za mbele hazijakaguliwa na kuthibitishwa kuwa zinamwezesha dereva kuona vyema mbele yake. Litakalofaulu litapewa stika. Karatasi imegongwa mihuri miwili, kwa hiyo jambo lenyewe halina mjadala.

Mwajabu wa Chemba alilisikia tangazo akipakia mbuzi. Ana miaka sitini na mbili, pikapu yake thelathini na tano. Tangu mumewe afariki anaiendesha mwenyewe, kutoka minadani hadi Dodoma mjini. Mwanawe Nurdini, karani wa ofisi moja ya serikali huko mjini, hapendi. Walikubaliana mbele ya shangazi wawili: pikapu ikikataliwa kwenye ukaguzi, ufunguo ni wa Nurdini na biashara ya mbuzi imekwisha.

Kwamba taa zilikuwa zinafifia, Mwajabu hakubisha. Ila aliamini zinafifishwa. Fundi wa Kongwa alimfungia mpya mwaka juzi, zikafifia. Wa Zuzu akafunga nyingine mwaka jana, zikafuata mkumbo. Mafundi, alihitimisha, wanachomoa nzuri na kurudishia mbovu, na huenda wanapigiana simu.

Safari hii alinunua taa mwenyewe, za balbu kali, akazilaza chini ya kitanda wiki nzima. Nyuma ya kila moja, kwenye bati, alikwaruza herufi M kwa msumari. Kisha akaenda kwa Batholomeo, fundi umeme wa magari, akiwa amebeba kiti chake mwenyewe cha plastiki.

"Shikamoo mama. Kiti tunacho."

"Marahaba. Na mimi ninacho."

Alikaa hatua mbili kutoka kwenye boneti. Batholomeo akang'oa taa kuukuu, akavuta waya mpya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaeleza kwamba zile za zamani zilikuwa zinakula umeme njiani. Mwajabu akasema hata hilo alikuwa analishuku, kwamba kuna kinachokula njiani.

Kazi ilipokwisha, alisimama.

"Fungua ya kulia. Nione nyuma."

"Mama, ndiyo kwanza nimekaza."

"Kaza tena baadaye."

Fundi akafungua, akamwelekezea bati juani. Mwajabu akainama, akaigeuza huku na huku.

"Hii si yangu. Yangu ina alama."

"Alama gani?"

"Ukiijua utaichora."

Batholomeo akamtazama usoni, si kwenye taa. Akamshika kidole taratibu, akakipitisha juu ya bati. Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda, kikashuka, kikafika mwisho wa herufi M ambayo mwenye kidole aliikwaruza mwenyewe.

Nyuma ya pikapu mbuzi mmoja akatoa maoni yake.

"Umeikwaruza sasa hivi," Mwajabu alisema, lakini si kwa nguvu.

"Mama, Alhamisi hospitali ya wilaya kuna daktari wa macho. Uende akuangalie."

"Analipwa na Nurdini?"

"Analipwa na serikali."

"Nurdini naye analipwa na serikali." Akakunja kiti. "Wewe umeitwa kwenye taa, baba. Kaza."

Batholomeo alikaza. Ana mke na watoto watatu, na hakuna karatasi yenye mihuri iliyomwambia akague kitu kingine. Lakini alipomrudishia ufunguo aliushikilia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na Mwajabu aliliona hilo, kwa kuwa mambo ya karibu na mkono bado anayapata.

"Alhamisi ni siku ya mnada," alisema.

Ukaguzi ulifanyika Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nurdini aliomba ruhusa kazini ili ashuhudie. Askari aliwasha taa, akazima, akawasha zile kali, akarudi nyuma akifunika macho, akasema hajaona pikapu ya umri ule yenye mwanga kama huo. Alimpongeza mama. Nurdini akarudi mjini bila ufunguo.

Stika Mwajabu aliibandika mwenyewe kwenye kioo cha mbele, akaipapasa kingo zote nne zishike vizuri. Ipo mpaka leo, kichwa chini.