Kigurudumu cha Kamera ya Baba

Harufu ya plastiki mpya, ile inayotoka boksi likifunguliwa kwa mara ya kwanza, haijawahi kunipita hivi hivi. Wenzangu huwaza simu au redio. Mimi namwona baba yangu amepiga magoti sebuleni kwetu Tarime, amenawa mikono kama mtu anayekwenda kula, anainua kamera ya dijitali taratibu kutoka kwenye boksi lake, na sisi wengine tumekatazwa hata kupumua karibu.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Vijana wa Nyanungu na Gorong'a walikuwa wakitupa jembe na kwenda machimboni, na aliyebahatika alirudi mjini akiwa na mambo mawili kichwani: nyama choma na picha. Baba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, na pazia la maporomoko ya maji lililochorwa na mtu ambaye nina hakika hakuwahi kuyaona. Lakini wateja walianza kulalamika kwamba picha zake zina ukungu. Baba akailaumu kamera ya zamani, ile ya mkanda. Akauza ng'ombe wawili, akaagiza hii mpya kupitia mpakani Sirari, aina ile yenye lenzi kubwa ya kubadilisha, na mama hakusema naye wiki nzima.

Kuanza hakukuwa rahisi. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na baba hakuwa mtu wa kukubali kuelekezwa hata kwa Kiswahili. Siku za kwanza alikuwa akitoa kadi ya picha chini ya blanketi, kama alivyozoea kutoa mkanda, ili mwanga usije ukaunguza picha. Mimi ndiye niliyeshika pindo za blanketi, nikijiona nimeaminiwa kwa jambo kubwa. Hatimaye fundi simu wa jirani alituambia, huku akicheka hadi kushika mbavu, kwamba kadi haiogopi jua.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuifuta vumbi kila jioni.

"Futa, ila usiguse kitufe hata kimoja," alisema baba. "Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu mgeni hajatuzoea."

Nilifuta. Lakini ni mtoto gani wa miaka kumi na moja atashika kamera asichungulie? Nilichungulia, nikaona ukungu mtupu. Mlango, kuku, mama akichambua mchele, vyote vilikuwa kama vimezama kwenye uji. Nilitaka kulia. Nimeiharibu! Ng'ombe wawili! Nikapapasa, nikakuta kando ya kitundu cha kuchungulia kigurudumu kidogo kama punje ya hindi. Nikakizungusha, na mama akatokea vizuri, mpaka punje za mchele niliweza kuzihesabu. Nikaifunga kamera mkobani, nikamshukuru Mungu.

Kesho yake ukungu ulikuwa umerudi. Nikazungusha tena. Na kesho kutwa. Asubuhi nilimwona baba akiitoa, anachungulia, anaguna, kidole chake kinahangaika pale pale. Nikaamua kamera ina ugonjwa wa kuteleza, na kila jioni nikawa naitibu kwa siri, nikijiona mtoto mwema kuliko wote wilayani. Miezi ilivyokwenda, nilianza kukikuta kigurudumu kimekwenda mbali zaidi, nami nikakirudisha.

Likizo moja alikuja mchimbaji kijana, Marwa. Alikuwa amepata. Alimwezekea mama yake nyumba ya bati kule Gorong'a, na sasa alitaka mama huyo apigwe picha mbele ya nyumba. Mama alikuwa mgonjwa, na maishani mwake hakuwahi kupigwa picha.

"Mzee, piga vizuri," Marwa alimwambia baba njiani. "Hii ndio itabaki."

Tulimkuta bibi huyo ameketi kwenye kigoda, kanga mpya mabegani. Nikamwamkia, akaniitikia kwa sauti nyembamba, kisha akatangaza kwa Kikurya kwamba bila ng'ombe wake mwekundu hapigwi picha mtu. Ng'ombe akaletwa. Baba akapiga goti, akachungulia. Kidole kikaenda kwenye kigurudumu, kikazungusha, kikazungusha, mpaka kikagota. Akajaribu tena, kikagota. Akashusha kamera, akafuta lenzi kwa pindo la shati, jambo alilonikataza mimi kwa ukali. Akachungulia mara ya tatu. Ng'ombe tu ndiye aliyeendelea kutafuna.

"Bhoke," baba aliniita. "Njoo upige wewe. Mimi nitawapanga."

"Si ni mtoto huyu?" Marwa alishtuka. "Mzee, nimekwambia hii ndio itabaki!"

"Mura, kijana wangu, huyu ana jicho. Nimemfundisha mwenyewe."

Uongo mtupu. Nikachungulia, nikakuta ukungu mzito kuliko wote niliowahi kuuona. Sikuwa na jinsi. Mchana kweupe, mbele ya baba, nikakirudisha kigurudumu, nikisubiri kofi. Baba alikitazama kidole changu. Halafu akageuka, akaanza kumpanga bibi, "Inua kidevu, mama, hivyo hivyo," kwa sauti ya furaha ambayo sikuielewa. Nikabonyeza.

Picha ilitoka safi, bibi na ng'ombe wake. Mwaka haukuisha, na ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza lake.

Tangu siku hiyo nilipiga mimi. Shuleni nilijigamba kwamba baba ameona kipaji changu, na niliamini hivyo kwa miaka mingi. Jikoni mama alikuwa akisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua," nami nikadhani anawasema majirani.

Nilikuja kuelewa chuoni, Mwanza. Mwalimu alieleza kwamba kigurudumu kile hakiigusi picha kabisa. Kinafuata jicho la anayechungulia, na mwenye macho dhaifu hukisogeza ili aone. Nilitoka darasani nikaenda kulia. Kila jioni, kwa kidole changu, nilikuwa nimemnyang'anya baba macho yake.

Niliporudi nyumbani alikuwa akinitambua kwa sauti tu. Nikaketi karibu naye.

"Baba, nisamehe. Kile kigurudumu, ni mimi niliyekuwa nakirudisha."

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Nani mwingine?"

"Mbona hukunikataza?"

"Mama yangu aliacha kuona hata mvi hajapata. Mdogo wangu vilevile. Halafu mimi nikaanza. Nikawa nakutazama wewe, naogopa hata kukuuliza. Basi kila asubuhi kabla sijakigusa, naangalia umekiacha wapi. Nakuta umekirudisha pale pale pa jana. Namwambia mama yako, mtoto anaona. Ndipo naenda kufungua studio."

Miezi yote ile nilikuwa nikipimwa macho bila kujua, na kila asubuhi alikuwepo mtu mmoja Tarime aliyekwenda kazini kwa furaha kwa sababu yangu, huku yeye mwenyewe njia ikizidi kumpotea.