Kimondo Kwenye Kidole cha Wifi

Wifi yangu ni sonara, na kama hujawahi kubishana na sonara kuhusu kipimo cha kidole, shukuru Mungu. Mtaani wanamwita Mama Kipimo. Pete yoyote ya mwanamume huiingiza kwenye kidole gumba chake cha kushoto, akaizungusha, akakuambia kama itambana bwana harusi au itamdondoka. Kisha hushinda nayo, akifua na kuosha vyombo, mpaka ahakikishe haina ncha ya kumkwaruza mtu. Hajawahi kukosea, jambo ambalo hatuachi kulisikia.

Basi mwanawe wa pekee akapata mchumba, muuguzi wa chumba cha majeruhi. Wifi alikuwa amemwekea kijana dhahabu ya pete tangu yuko kwenye nepi. Binti akaja dukani na kipande cha chuma cheusi, kidogo kuliko ndimu.

"Hiki ni kimondo, mama. Marehemu baba alikiokota jangwani enzi zake za kuendesha malori. Naomba pete ya mume wangu itoke humu."

"Yaani kilianguka kutoka mbinguni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hata huko juu hawakukitaka."

Mimi nilicheka. Binti naye akacheka, na hilo ndilo lililomkera wifi zaidi. Tangu siku hiyo, akizungumza na mwanawe, binti wa watu akawa "huyo mgeni wako".

Lakini kazi ni kazi. Alikikata kimondo kwa msumeno, akakitoboa, akakichonga, akakitumbukiza kwenye tindikali. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda changu cha umbea. Chuma kile kikaanza kutoa mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka, mistari ambayo hakuna mkono uliowahi kuichora. Wifi akanyamaza. Mimi namjua, akinyamaza ujue kapenda.

"Ukiipasha moto wa kuungia, michoro yote inafutika," akaniambia baadaye. "Dhahabu nikikosea naikata, naiunga upya. Hii nikikosea ndiyo basi." Kimondo chote kilikuwa kimeishia kwenye pete ile na kwenye vumbi lililobaki mezani.

Asubuhi ya harusi nikamkuta jikoni kwake, gauni jipya mwilini, mkono wa kushoto ameuficha chini ya taulo.

"Wifi, una nini?"

"Sina kitu. Nenda kavae."

"Toa mkono."

Jana yake alikuwa ameshinda na pete kwenye masufuria ya maji ya moto kama kawaida yake, na sasa kidole kilikuwa kimevimba. Tulijaribu sabuni, mafuta, maji ya baridi, kisha nikavuta kama ninayeng'oa muhogo. Pete haikutikisika. Ukucha ulianza kuwa wa bluu. Nikampigia simu bibi harusi, huku wifi akiniapia kwamba nikithubutu tutajuana.

Binti alikuja mbio, jicho moja limepakwa rangi, jingine bado. Akakishika kidole, akaubonyeza ukucha.

"Mama, msumeno wako uko wapi? Tuikate."

"Tukate nini?"

"Pete. Kidole hiki kikifa, kazi utaifanyaje?"

"Na chuma cha baba yako je?"

"Baba angeikata yeye mwenyewe."

Wifi akamtazama kama mtu anayemwona leo ndiyo kwanza. Kisha akasema msumeno umepotea. Ulikuwa unaning'inia ukutani nyuma yake, na mimi nikafunga mdomo wangu, jambo la nadra.

"Hospitali mnafanyaje?" akauliza.

"Tunatumia uzi. Lakini unaumiza sana, na huenda isitoke."

"Niumize, mwanangu."

Binti akapenyeza ncha ya uzi chini ya pete, akaviringisha uliobaki kwenye kidole, mbano juu ya mbano, hadi kupita kifundo. Kisha akaanza kuvuta ile ncha, na pete ikawa inasogea kadiri uzi unavyofunguka. Ilikwama kifundoni. Wifi aling'ata taulo, machozi yakamtoka, lakini mkono hakuuondoa mapajani mwa binti. Wakaanza upya. Safari hii pete ikachomoka, ikadunda sakafuni, ikabingirika chini ya kabati. Wakapiga magoti wote wawili na magauni yao, wanachokoa kwa ufagio, wanacheka hadi ufagio ukawashinda. Pete ilitoka na utandobui, haina hata mkwaruzo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Ukumbini ilipangwa bibi harusi aingizwe na mjomba wake. Mlango ulipofunguliwa, mjomba alikuwa nyuma kabisa, kabeba mkoba wa wifi. Binti alikuja ameshikwa mkono na mama mkwe mwenye kidole cha bandeji. Wakafika mbele, bwana harusi akanyoosha mkono wake, akangoja. Mfungishaji ndoa akakohoa.

"Mama, tunauomba huo mkono."

"Nitawapa," akasema wifi. "Ngojeni kwanza."