Sababu ya Saba ya Vita Kuu

Mdogo wangu wa kike alipoingia kidato cha nne, nyumbani tulikuwa na ombi moja tu: afaulu, asije akanifuata kwenye uwanja wa kuanika katani. Mimi niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mwaka aliofariki mama. Baba alikuwa ametangulia. Wa katikati yetu aliolewa Kang'ata mapema, kwa hiyo tukabaki wawili katika chumba cha kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Chumba kilikuwa cha mama kwa sababu ya kazi yake. Nilipoichukua kazi, nikaachiwa na chumba.

Kuanika katani hakuhitaji cheti. Nyuzi zinatoka kwenye mashine zikiwa mbichi na nzito, unazibeba begani, unazitandaza kwenye waya, unangoja jua lifanye kazi yake. Maji ya mkonge yanawasha. Mwaka wa kwanza nilikuwa najikuna mpaka shingo inatoka damu. Sasa siwashwi tena, na jambo hilo halinifurahishi.

Masomo mengine aliyamudu kiasi. Historia ndiyo iliyomshinda, na si kwamba hakuipenda. Aliipenda mno. Mwalimu akishafunga mlango wa darasa, akaeleza kwa Kiswahili, mdogo wangu alirudi nyumbani akisimulia kama aliyetoka kuona. Lakini maelezo ya kwenye daftari yalikuwa ya Kiingereza, na mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Akishika kalamu, yale yote aliyoyasimulia yalibaki nje, kama mtu aliyeachwa mlangoni.

Jumapili moja alikuja na daftari lake nikiwa nachambua maharage.

"Kaka, hebu nieleze hii. Sababu za Vita Kuu ya Kwanza. Nimenakili kurasa nne ubaoni, sijui hata nimeandika nini."

Hapo nilijiona mwalimu. Vita ile niliisoma darasa la saba, kwa Kiswahili, na sababu zake sikuwahi kuzisahau. Nikamhesabia kwa punje za maharage juu ya ungo. Kwanza, mataifa ya Ulaya yaligombea makoloni. Pili, yalishindana kutengeneza silaha na manowari. Tatu, yalijigawa makundi mawili na kuahidiana kwamba ukimgusa huyu umenigusa mimi. Nne, kila taifa lilijiona bora kuliko jirani yake. Tano, palikuwa na visasi vya zamani, kama Mfaransa aliyenyang'anywa majimbo na Mjerumani. Sita, yule mrithi wa kiti cha enzi cha Austria alipigwa risasi, na hiyo ikawa cheche.

Alizitazama zile punje sita muda mrefu.

"Na yule babu wa mama je?"

Kwa mama ni Sindeni, Handeni. Huko walituambia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo Waingereza walipokuwa wakiwafukuza Wajerumani kupita Korogwe na Handeni. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani liko wapi.

"Yeye alikuwa kwenye sababu ya ngapi?" akauliza.

"Ya kwanza labda. Makoloni."

"Lakini yeye hakugombea koloni."

Nikarudia maharage yangu. Naye akashika ile ya tatu, ya makundi mawili. Haikumwingia akilini kwamba Austria igombane na Serbia, halafu Mrusi aingie, Mjerumani aingie, Mfaransa aingie, Mwingereza aingie, wote kwa ajili ya risasi ya kijana mmoja.

Wakati ule jirani yetu alikuwa amekaa kizingitini kwake akisikiliza. Ni bibi wa Kinyamwezi. Baba mkwe wake aliletwa na treni kuwa manamba wa mkonge, enzi za Mwingereza, na ukoo haukurudi tena Tabora. Sisi ni Wazigua, kwa hiyo yeye ni mtani wetu. Wazee husema misafara ya Wanyamwezi ilipokuwa ikipita Uzigua kwenda pwani, watu walipigana sana njiani, mwisho wakachoka wakawekeana utani. Tangu hapo Mnyamwezi anaweza kumtukana Mzigua mpaka jasho limtoke, na Mzigua haruhusiwi kukasirika.

"Watumwa wangu," akaita kwa sauti, "mnapigania maharage au mnayapika? Nina njaa!"

"Shikamoo bibi," tukasema.

"Marahaba. Shikamoo haijazi tumbo. Babu zenu walitutoza kupita kwenye njia ya Mungu, na leo mnaninyima hata harufu?"

"Babu zako walipita na pembe za ndovu," nikamjibu, "wewe umepita na nini? Njoo na pembe."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Ndipo nikakumbuka siku ya maziko ya mama. Bibi yule alikuja akalala kifudifudi mbele ya jeneza, akasema mama haendi popote mpaka Wazigua watoe jogoo. Watu walikuwa wanalia. Tulipomletea jogoo akamkataa, akasema amekonda kama mimi. Nilicheka siku ile, siku ambayo sikutegemea kucheka, na nadhani ndiyo maana niliweza kusimama.

Nikamwambia mdogo wangu, "Unaona? Wale wazungu wafalme wao walikuwa ndugu, mtu na binamu yake, lakini hawakuwa na utani. Mtani angekwenda pale Austria kwenye msiba wa yule mrithi, akalala mbele ya jeneza, akawatukana wote, watu wakacheka, hasira ikatoka. Wao hawakuwa na mtu wa kulala mbele ya jeneza."

Macho yake yaliwaka. Akachukua punje moja zaidi ya haragwe, akaiweka pembeni ya zile sita.

"Ya saba," akasema.

Nilifurahi. Naandika haya kwa aibu, lakini ukweli ni kwamba nilijisifu moyoni wiki nzima.

Ulipokuja mtihani wa majaribio, ule ambao wanafunzi huuita moko, swali lilikuwa hilo hilo. Mdogo wangu aliandika kurasa tatu. Hakuwahi kuandika kurasa tatu za Kiingereza maishani mwake. Ile sababu ya saba aliipa ukurasa mzima, na zile sita akazieleza kwa Kiingereza cha kubabaisha. Tatizo ni kwamba neno utani hakujua aliseme vipi kwa Kiingereza. Nani anajua? Akaweka neno lile la mzaha, la kuchekesha. Kwa hiyo, mbele ya mwalimu, ikasomeka kwamba Vita Kuu ilitokea kwa sababu mataifa ya Ulaya hayakuwa yakichekeshana, na kwamba mtu mmoja angelala chini mbele ya maiti, watu wakacheka, vita isingepiganwa.

Mwalimu aliisoma darasani. Sidhani alikuwa na nia mbaya, nafikiri alitaka kuonyesha makosa. Darasa lilianguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo akipita wanamwita "Mtani wa Mjerumani." Msichana mmoja alijilaza sakafuni katikati ya madawati akapiga kelele, "Haya cheka, tusije tukapigwa mabomu!"

Alirudi nyumbani hajala. Nilipomuuliza akanipa karatasi. Niliona tu wino mwekundu, na alama nane kwa mia.

"Kaka, ulinidanganya," akasema.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Siku tatu hakwenda shule. Asubuhi ya siku ya nne alivaa kanga yangu ya kazini, ile ninayofunga begani nikibeba katani, akasema twende wote uwanjani. Nikamvua kanga hiyo. Nikamshikisha sketi ya shule, nikatoka nje kumngoja. Nilingoja mpaka king'ora cha kuanza kazi kikalia. Kwa muda wote niliofanya kazi pale sikuwahi kuchelewa, siku ile nilichelewa. Alipotoka amevaa tukaongozana katikati ya mistari ya mkonge hadi getini pa shule.

Nikaomba kumwona mwalimu. Ni kijana, pengine ananizidi miaka miwili. Nilimwamkia kwa heshima, nikamwomba radhi, nikasema kosa lile ni langu, mtoto asiadhibiwe kwa ujinga wangu.

Alinipa kiti. Akasema, "Kaka, mimi nilimwelewa."

"Sasa kwa nini nane?"

"Kwa sababu si mimi nitakayesahihisha mtihani wa mwisho. Atakayesahihisha ana karatasi ya majibu, ina hoja sita, anatafuta hoja sita. Utani haumo." Akasukuma daftari mezani. "Na hata ungekuwemo, hana neno lake. Mimi mwenyewe sina. Nimelitafuta."

"Mwalimu, tufanyeje?"

"Akariri. Azikariri kama zilivyo kwenye maelezo, asiongeze, asipunguze. Muda wa kuelewa umekwisha."

Nilitegemea anigombeze. Angenigombeza ningekuwa na la kumjibu.

Basi tukakariri. Kila alfajiri kabla sijaenda uwanjani, yeye akichochea moto wa chai, mimi nilishika daftari, naye akatamka. Kidole changu kilifuata mistari. Maneno mengi nilikuwa siyajui, na yale niliyoyajua nilikuwa nimeyasahau. Nilikuwa nakagua tu kama sauti inafanana na herufi. Akikwama ananitazama, nami naanza kulitamka lile neno vipande vipande, kwa matamshi ambayo nina hakika hayakuwa sahihi. Akimaliza ananiuliza, "Nimekosea?" Nilisema hujakosea. Ningejuaje?

Bibi jirani alipita asubuhi moja akasimama. "Watumwa wangu, mnasali Kilatini?" Hakuna aliyemjibu. Alisubiri jibu, maana mtani hanyamaziwi, kisha akaondoka. Nilimwona anavyotembea taratibu, nikajua tumemkosea, lakini muda haukuwepo.

Mdogo wangu hakusimulia tena. Zamani angekuja kuniambia kuhusu Mjerumani na reli, kuhusu manowari, kuhusu askari walioimba wakienda. Sasa alikuwa anazo zile aya sita tu, amezibeba kichwani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, hageuki kulia wala kushoto zisije zikamwagika. Na mimi ndiye niliyemtwika.

Siku ya mtihani wa Historia nilikuwa uwanjani. Nilijua saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nilitandaza katani, nikazigeuza, nikaziokota zilizoangushwa na upepo. Msimamizi aliniambia naanika upande mmoja mara mbili. Hakuna ninachoweza kueleza zaidi kuhusu siku ile.

Nilirudi nikamkuta ameketi kwenye kigoda, sare bado mwilini.

"Ilikuja?" nikauliza.

"Ilikuja."

"Ukaandika zote sita?"

"Zote sita. Hata koma sikuacha."

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Akainua mkono, kama kunizuia.

"Swali halikuuliza sababu, kaka. Nilikuja kuliona wakati wanakusanya karatasi. Liliuliza kama vita ile ingeweza kuepukwa. Unakubali au hukubali, utoe hoja."

Nilikaa chini mlangoni. Nikamuuliza, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, "Na wewe ungesema nini?"

Akaanza, kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake ya zamani.

"Ningesema ingeweza, lakini kwa wiki chache tu. Tangu yule mrithi auawe mpaka vita kutangazwa ulipita karibu mwezi mzima, na muda huo wote watu wanaandikiana barua. Austria inataka kuiadhibu Serbia, Mjerumani anaiambia nenda, niko nyuma yako. Mrusi nchi yake ni kubwa, kukusanya askari kunamchukua muda, kwa hiyo akaanza mapema ili asichelewe. Mjerumani alipomwona Mrusi ameanza, naye akaogopa, maana mpango wake wote ulitegemea kummaliza Mfaransa kabla Mrusi hajawa tayari. Sasa kila mmoja anamwambia mwenzake, simamisha wewe kwanza nami nitasimamisha. Ukimuuliza yeyote angekwambia anajilinda tu. Kwa hiyo mimi ningesema makoloni na silaha zilifanya vita iwezekane, lakini kilichoianzisha ni kuogopa kuchelewa. Na ningesema wale waliobeba mizigo huku kwetu hawakuwa na barua ya kumwandikia mtu yeyote, kwa hiyo kwao haikuweza kuepukwa hata siku moja."

Alisema mengi kuliko haya. Mengine yamenipotea. Chai ilichemka ikamwagika motoni na hakuna aliyeinuka.

"Hayo ungeyaandika," nikasema.

"Kwa lugha gani, kaka?"

Matokeo yalipotoka, Historia alipata F. Masomo mengine hayakutosha kumwinua. Amejiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa sasa anaanika katani mistari miwili kutoka kwangu. Shingo yake imeanza kutoka vipele. Nilimwambia apake mafuta ya nazi kabla ya kulala, ingawa mimi hayakunisaidia.