Fataki Zilizolala Bapa

Kikopo kilikuja na lori la Ruangwa kila wiki. Kilikuwa kikopo cha maziwa ya unga, na ndani yake mjomba alikuwa ametia maganda matupu ya risasi alizopiga shambani kwake Mbekenyera. Nilikipokea kabla hata sijamsalimia dereva, nikakaa nacho kwenye benchi la karakana pale Nachingwea, nikatoa ganda moja moja na kuligeuza kitako juu. Katikati ya kitako ndipo inapokaa fataki, kile kifuniko kidogo cha shaba laini kinachogongwa na msumari wa bunduki ili baruti iwake. Fataki njema ikishapigwa, kingo zake hubaki mviringo kama kingo za kifungo cha shati. Za mjomba zilikuwa zimeanza kurudi bapa, kama zilizokandamizwa kwa dole gumba, dalili kwamba baruti inasukuma kwa nguvu kupita kiasi.

Risasi hizo nilizijaza mimi.

Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulikuwa unafungwa wakati ule. Matrekta yalisimama majanini yakiota kutu, na watu waliokuja kutoka mbali kutafuta kazi walikuwa wanaondoka. Bwana niliyemfanyia kazi, Mzungu mmoja mkimya, alibaki na karakana ndogo na kibali cha kulinda mashamba dhidi ya wanyama. Risasi za dukani zilichelewa kufika, kwa hiyo akawa anajaza zake mwenyewe: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya, baruti, kichwa cha risasi. Alinionyesha mara moja namna ya kuvuta mkono wa mashine, akaniachia. Yaliyobaki nilijifunza kwa macho. Niliyapanga maganda yote kwenye ubao, mazuri kushoto, mabaya kulia, nikayatazama kwa kioo cha kukuzia chenye ufa mpaka nikayajua kama nyuso za watu.

Sina budi kusema nilivyokuwa, kwa sababu bado ndivyo nilivyo. Nilikuwa napima baruti, naimwaga, naipima tena. Nilinawa mikono kabla ya kugusa fataki, kisha nikahisi bado ina jasho, nikanawa tena. Bwana aliniona mara moja nikifanya hivyo, akauliza kama naumwa.

Bunduki aliyokuwa nayo mjomba ilikuwa ya bwana, kaazimwa awafukuze nyani. Mwisho wa kiangazi nyani hawana chakula porini. Huingia kwenye mihogo mchana kweupe, wanang'oa shina zima, wanauma mzizi mmoja na kutupa mingine. Mjomba alikuwa na mke, wajukuu, na mihogo hiyo. Kwetu kaka wa mama ndiye mwenye wewe: ndiye aliyenisimamia jandoni, ndiye angenitafutia mke. Na kila alipofyatua, jicho lake lilikuwa karibu kabisa na komeo, lile chuma la nyuma linalofunga risasi ndani ya bunduki. Ganda likishindwa kuhimili, moto hauna njia nyingine ila kurudi nyuma, usoni kwake.

Kikopo kilichofuata, fataki zilikuwa na masizi kuzunguka kingo, maana yake moshi ulikuwa umeanza kupenya. Kilichofuata tena, vitako vilikuwa na alama inayong'aa mahali shaba ya ganda ilipokandamizwa kwenye chuma cha komeo. Dereva akaleta na salamu.

"Mjomba wako anasema bunduki imekuwa kaidi. Akishapiga, komeo halifunguki mpaka alipige kofi."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka. Anasema imezeeka kama yeye."

Nilimpelekea bwana maganda. Akayageuza, akasema, "Punguza baruti kidogo." Nikapunguza. Kupunguza mno nako kuna hatari yake, kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani ya mtutu, kwa hiyo nilipunguza punje chache chache. Asubuhi moja nikazipiga chache mimi mwenyewe, nyuma ya karakana, kwa bunduki nyingine ya bwana, ya aina ile ile. Fataki zikatoka mviringo, nzuri, na komeo likafunguka kwa vidole viwili.

Kikopo cha mjomba kikaja kibaya kuliko vyote.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli. Mashine ni ile ile, baruti ni ile ile, mkono ni ule ule. Zikipigwa Nachingwea ni salama. Zikifika Mbekenyera zinageuka. Nilichunguza maganda mapya mpaka macho yakauma, nikitafuta kosa langu, kwa kuwa niliamini lazima liwe langu. Nilimpa dereva ujumbe: mjomba asipige tena mpaka nifike. Akarudi na jibu kwamba nyani hawajapata ujumbe huo.

Nikaomba ruhusa, nikapanda lori hadi Ruangwa. Pale nikaazima baiskeli. Jua la mwezi ule lilikuwa kali hata usukani haukushikika ukiiacha baiskeli njiani. Nilisikia mlio wa bunduki ya mjomba kabla sijaziona nyumba, mkavu na mfupi, ulionichoma masikio ingawa nilikuwa mbali. Nikakanyaga pedali nikihesabu pumzi, nikingoja mlio wa pili nijue kuwa yu mzima.

Nilimkuta uani, bunduki mapajani, akiligonga komeo kwa kipande cha kuni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuniuguza au kunizika? Una uso wa msibani."

"Naomba usiipige tena."

"Waambie wale." Akaonyesha kwa kidevu. Nyani walikuwa wamekaa mwisho wa shamba, wametulia, wakitutazama.

Mkewe alikuwa ameinama kwenye jamvi akigeuza makopa, ile mihogo iliyomenywa na kukatwa ikauke. "Karibu mwanangu," akasema, "kaa kivulini, jua la leo linakausha hata mate." Nikatazama alipoinamia. Kando ya makopa palikuwa na kipande cha bati, na juu ya bati, zimepangwa safi kama dagaa, risasi zangu.

Nilichutama nikaigusa moja. Niliiachia papo hapo. Ilikuwa imeniunguza.

"Nani ameanika hizi?"

"Mimi," mjomba akasema. "Baruti isiyoanikwa si baruti. Wewe hujawahi kubeba gobori, utajua nini? Ikinyonya unyevu inafuka tu, inakufanya kichekesho mbele ya mnyama. Baba yangu alianika, mimi naanika. Kila siku tangu ulipoanza kuniletea."

Yote yakajipanga kichwani. Baruti ya gobori, ile bunduki ya kizamani ya kushindilia, ni unga mweusi unaokaa kwenye pembe, na ni kweli hunyonya unyevu. Hii yangu ilikuwa imefungwa ndani ya shaba, na ikipata joto huwaka kwa nguvu zaidi. Wakati wa kipupwe jua halikuwa na makali, fataki zikarudi nzuri. Kadiri jua lilivyopanda, ndivyo zilivyolala bapa. Nilipokuwa napunguza baruti, jua lilikuwa linaongeza.

Jambo la kwanza nililohisi lilikuwa raha. Si mimi, nilijiambia. Si mkono wangu. Nilikuwa bado naionja raha hiyo pale mke wa mjomba aliposema, "Wameingia," na nilipogeuka mjomba alikuwa amekwisha kuokota risasi moja kwenye bati kwa upindo wa shuka, kwa kuwa haikushikika, na kuitia ndani ya bunduki.

"Mjomba, hapana. Hiyo ni ya moto."

"Ndiyo maana inaua."

Ningeweza kuikamata bunduki. Lakini nani kwetu humnyang'anya mjomba wake kitu mkononi, mbele ya mkewe? Nilisema tena "mjomba" kwa sauti ya chini, kama ninayeomba maji. Akalenga. Akapiga.

Mlio haukuwa wa bunduki. Ulikuwa kama bati linalochanika. Moshi ukatoka pale usipotakiwa kutoka, pembeni mwa komeo, na mjomba akakaa chini polepole, mkono usoni.

Mkewe hakulia. Alileta maji. Tulipouondoa mkono, shavu lote lilikuwa limetapakaa madoa meusi mpaka chini kabisa ya jicho, na jicho limefumba likitiririka. Nikamfunika lile zima, nikanyoosha vidole vitatu mbele ya lile jingine.

"Vingapi?"

Alivisogezea uso. Nilisikia nyani wakivunja mashina shambani.

"Vitatu," akasema. "Na kimoja kichafu."

Nililifungua komeo kwa kugonga muda mrefu. Ganda lilipotoka, fataki ilidondoka yenyewe mavumbini. Kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako, kulikuwa na mstari mwembamba uliong'aa, na ukucha wangu ulipopita juu yake ulikwama. Shaba ilikuwa imeanza kukatika. Nikampa mjomba alishike. Alilipitishia ukucha wake mwenyewe, kwenda na kurudi.

"Anua," akamwambia mkewe.

Mkewe akayainamia makopa.

"Siyo hayo. Hizo."

Aliziondoa kwa ungo, akaziweka chini ya mtungi wa maji. Nikamwambia mjomba kwamba hata hivyo siwezi kumwachia bunduki. Chuma kilichopigwa hivyo mara nyingi huenda kimepasuka mahali nisipopaona, na bwana lazima aikague kabla mtu hajaiweka tena shavuni. Alinitazama kwa jicho lile moja.

"Na mihogo?"

Niliiokota bunduki. Alinisaidia kuifunga bunduki kwenye baiskeli, akakaza kamba mwenyewe kwa sababu yangu ilikuwa imelegea.

Nilipofika njia panda ya kwenda Ruangwa, si mbali na shamba, niliwasikia nyuma yangu, yeye na mkewe, wakipiga madebe kuwafukuza nyani. Walipiga bila kupumzika. Baadaye debe moja likanyamaza, nikawaza jicho la mjomba, likabaki moja.