Pampu ya Mama Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja nyuma ya maghala ya Bugolobi, Kampala, sikupewa spana wala bisibisi. Fomeni, msimamizi wetu, Mwacholi wa kaskazini aliyewahi kuwa fundi wa jeshi, alinikalisha kiti cha nyuma cha gari, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaniamuru nisikilize. Chini yangu kulivuma kidogo, kisha kimya. Ile ndiyo pampu ya mafuta, na hukaa ndani ya tangi. Usipoisikia ikivuma, gari haliwaki hata ulisukume mpaka Entebbe.

"Kwanza nyamaza," akaniambia. "Gari anasema yeye mwenyewe."

Nyinyi mafundi wa leo mnachomeka kompyuta kabla hamjamsalimia mwenye gari. Sigombi, mie pia niliipenda ilipokuja. Lakini mwendo ni ule ule: unaanza na fyuzi, inayokubali kuungua ili vingine vipone; unakuja kwenye rilei, kile kiboksi kinachofungulia umeme njia; halafu unaufuata umeme kwa taa ya kupimia hadi kwenye pampu. Pampu yenyewe ishuku mwisho, maana kuitoa ni kazi.

Baadaye Fomeni alipewa umeneja wa gereji ya Kansanga, akanichukua. Tuliendelea kumwita Fomeni, naye hakulalamika. Huko ndiko lilikoletwa gari la Mama Zaituni, likivutwa kwa kamba kutoka Kabalagala.

Mumewe alikuwa dereva wa teksi ya kukodi, akafariki ghafla. Mama huyu alipotoka eda alijifunza udereva kwa gari la jirani, akapata leseni, akaazimia kuishika kazi ya marehemu alee watoto. Gari likakataa kuwaka. Shemeji yake, mtu mpole ila mwenye haraka, alisema pampu imekufa, na jioni ile angemleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Gari likienda, na kazi imekwenda.

Nilipima. Fyuzi nzima, rilei nzima, umeme unatoka vizuri lakini haufiki kwenye pampu. Kwa Kampala hiyo ina maana moja: mwenye gari ameficha swichi katikati ya waya ili mwizi ahangaike. Wengine huificha hata mke asijue. Waya ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi pamoja na wenzake, ukazama chini ya zulia. Ningeweza kuuruka kwa kuunga mwingine, ila gari lisilo na swichi halikai Kabalagala bila kuibwa.

Fomeni alinitazama nikibandua zulia, akacheka. "Wacha waya. Tafuta mtu."

Basi nikamuuliza mama, marehemu alikuwa na mazoea gani kabla ya kuwasha. Akainamisha uso. Nikamwambia mficha uchi hazai. Ndipo akasema kwamba wakipanda pamoja, mumewe alikuwa akiinama kushoto na kuvuta pindo la gomesi lake, lile vazi refu la kina mama, naye akimpiga kofi la mkononi, wakacheka, ndipo safari ianze. Kila siku, tangu walipolinunua gari.

Nikaingiza mkono chini ya kiti cha abiria. Kitufe kilikuwa pale, karibu na reli ya kiti. Nikabonyeza, nikazungusha ufunguo, pampu ikavuma, injini ikashika. Shemeji akampigia mnunuzi simu asije, na nilimpenda kwa hilo.

Mama Zaituni hakufurahi. Alikaa kwenye tairi kuukuu, machozi yakamtoka. "Kumbe alikuwa anatafuta swichi tu, ssebo. Na mimi nilifikiri ni mimi."

Iliniuma. Nikamwita aje aone. Waya ulitoka nyuma upande wa kulia, ukapita chini kabisa ya kiti cha dereva, mahali pazuri pa kuweka swichi, ukaunganishiwa kipande kingine, ukavuka gari zima hadi kwake. Nikamwambia hakuna fundi anayepoteza waya hivyo kwa hiari yake. Mwenye gari ndiye aliyetaka.

Sasa nimestaafu, macho hayaoni tena waya mwembamba, na sina kinyongo na kazi yangu. Vijana wakiniuliza niliipendea nini, nawasimulia siku ile. Kabla mama hajaondoka, nilijitolea kumsogezea kitufe upande wake wa kulia, kwa kuwa sasa dereva ni yeye. Alifuta uso, akakaa kwenye usukani.

"Wacha hapo hapo, mzee," akasema. "Mimi nitainama."