Sandali Moja kwa Kitabu Kimoja

“Na kama muntu anapenda kitabu kuliko kiatu, weye utafanya nini?”

Mama aliniuliza hivyo akichambua maharage kwenye baraza yetu ya mtaa wa Songo. Nilikuwa nimezoea kumjibu kila mtu kabla hajamaliza kuuliza, lakini siku hiyo niliinama nikaanza kumsaidia kuokota mawe kwenye maharage.

Uasi ulikuwa umenirudisha nyumbani kutoka chuo kikuu, Bukavu, masomo yakiwa nusu. Nilirudi na sanduku la bati lililojaa vitabu, na tabia ya kubisha. Nilibishana na mhubiri kuhusu gharika, na redio kuhusu nani amemshinda nani, na Mama kuhusu chumvi ya mboga. Mama alikuwa mtoto wakati wa uhuru, na uasi wa kwanza aliukimbia akiwa mgongoni mwa dada yake. Vita havikumshangaza tena. Kilichomshangaza ni mtu mzima kukaa kutwa nzima na kitabu mapajani.

“Basi hivyo vitabu vitafute chakula,” alisema.

Nikaanza kuvikodisha. Malipo yalikuwa chochote: sahani ya vile visamaki vya ndagala, kipande cha sabuni, mihogo. Shida ilikuwa dhamana. Franga zilikuwa adimu, na kitambulisho hakuna aliyethubutu kukiacha, maana askari walikiomba kila kona. Ahadi nazo sikuziamini, za mtu yeyote. Ndipo nikatunga sheria yangu: uondoke na kitabu, uniachie kiatu kimoja. Nani atafika mbali na kimoja? Hapo ndipo Mama aliponiuliza lile swali lake.

Kumbe wengi hawakutaka kufika popote. Walivua kiatu, wakakaa palepale barazani na kusoma hadi jua lilipozama ng'ambo ya milima. Mama akaanza kuwakaangia mandazi. Watoto wa mtaa wakapita wakiimba, “Mguu moja! Mguu moja!” Muuguzi mmoja wa mtaa wa Kimanga aliniachia kiatu chenye kisigino kirefu, akaenda zake na kile cha pili, akipanda na kushuka kama mtu aliye kwenye mtumbwi, huku akicheka hadi akapotea kwenye kona. Viatu nilivitundika kwenye misumari ukutani. Sijawahi kuwa na duka lililonifurahisha kama ukuta ule.

Kitabu kilichowaleta wote kilikuwa riwaya nene ya Kifaransa, jalada jekundu, ya mjane aliyerithi kinu cha kusaga pamoja na wachumba watatu. Kila mtu alikisubiri, na alipokuwa akikisubiri alichukua kingine. Kwa hiyo biashara yangu yote ilisimama juu ya yule mjane.

Siku moja akaingia mwalimu kijana kutoka milima ya juu, kwa wafugaji, aliyekuwa ameshuka mjini kutafuta chaki. Aliiangalia baraza iliyojaa watu wa kiatu kimoja, akatabasamu kama aliyefika kwao. Akanipa sandali ya tairi, akachukua kitabu chekundu. Mimi niliiangalia sandali tu, kama ni imara, nikaitundika.

Kesho yake milio ya bunduki ikasikika upande wa juu, na njia ya milimani ikafungwa.

Majuma yakapita. Muuguzi ndiye aliyefuata kwenye zamu, na alikuwa tayari ameiba nusu ya hadithi kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake.

“Kitabu chetu kimeenda kuchunga ng'ombe,” alisema. “Ngoja, kitarudi na ndama.”

Walicheka, lakini baraza ikaanza kupungua. Nikasikia na maneno: kama yule hakurudisha, na mimi nisiporudisha atanifanya nini? Atauza kiatu kimoja? Hesabu yao ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

“Nipe ile tairi niwashe makala ya jiko,” Mama aliniambia asubuhi moja. “Iko inaniangalia tu pale ukutani.”

“Mama, hiyo ni dhamana.”

“Dhamana ya nini? Mwenyewe iko juu kule, anakunywa maziwa.”

Sikumpa. Nikiichoma, nilifikiri, nitakuwa nimefunga duka kwa mkono wangu.

Alirudi siku ya soko, pekupeku, matope hadi magotini. Alifungua kitenge mbele yetu sote, na kitabu kikatoka kikinuka moshi na siagi, bila ukurasa hata mmoja uliopungua.

“Munisamehe. Njia ilikuwa imefungwa. Nimekisoma mara mbili, kisha nikawasomea wanafunzi.”

Muuguzi alisimama na mguu wake mmoja wenye kisigino. “Kaka, niambie. Yule mjane alichukua nani?”

“Dada, alichukua yule wa—”

“Funga kinywa!” baraza nzima ikapiga kelele, na mwalimu akacheka mpaka ikabidi akae chini. Mama akamletea mandazi ya moto, bila malipo, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu yeyote. Jioni ile misumari haikutosha viatu.

Nilimrudishia sandali yake. Hakuivaa. Aliigeuza mikononi, akachagua kitabu kingine, akaitundika tena mwenyewe kwenye msumari uleule, akaondoka pekupeku kama alivyokuja. Nilidhani watu wa milimani hawapendi viatu kwenye tope. Mimi niliyehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimemaliza chuo, nilikutana naye Bukavu, amevaa viatu vizuri vyeusi. Nikamtania kwamba sasa dhamana yake imepanda thamani. Akacheka, kisha akanieleza habari za ile sandali. Ya pili yake ilichukuliwa na mto Kalimabenge asubuhi ileile ya kwanza, alipokuwa akivuka, kabla hajafika kwangu.